Waliolipeleka Neno Bila Kutumwa: Kukua kwa Kanisa la Kwanza na Ushuhuda Wetu Leo

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, sura nyingi za kitabu hiki zinataja majina: wamisionari waliofika, wachungaji waliohudumu, wazee wa kanisa waliosimamia ujenzi, maaskofu waliobariki majengo. Ni haki majina hayo yaandikwe. Makala haya yanarudi nyuma zaidi, hadi miaka mia tatu ya mwanzo ya Kanisa, ili kutazama jambo ambalo mara nyingi hatuliangalii: sehemu kubwa ya kazi ya kuieneza Injili katika Dola ya Rumi ilifanywa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Jambo hili linaanzia katika Biblia yenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba baada ya Stefano kuuawa, waumini walitawanyika kutoka Yerusalemu kwa sababu ya dhiki, wakafika Foinike, Kipro na Antiokia. Wengi wao walilinena neno kwa Wayahudi peke yao. Lakini baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walipofika Antiokia walisema na Wayunani pia (Mdo. 11:19-21). Ni vigumu kukadiria uzito wa hatua hiyo. Pasipo hiyo, wafuasi wa Yesu wangeweza kubaki kundi dogo ndani ya dini ya Kiyahudi. Hata hivyo Luka, ambaye kwa kawaida ni mwangalifu sana wa majina, hamtaji hata mmoja wa watu hao. Hawakuwa mitume, wala hatuambiwi kwamba waliwekewa mikono kwa kazi ile. Walikuwa wakimbizi. Kanisa la Yerusalemu lilipopata habari lilimtuma Barnaba, naye akakuta kazi imekwisha kuanza. Lililobaki lilikuwa kufurahi, kuwatia moyo, na kwenda Tarso kumtafuta Sauli aje kufundisha. Huko Antiokia ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Habari za Rumi nazo hazitofautiani sana na hizo. Paulo alipowaandikia Warumi waraka wake, yapata mwaka 57, alikuwa bado hajauona mji huo, na usharika ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Agano Jipya halimtaji mtume yeyote kuwa ndiye aliyeuanzisha. Tunachokiona katika sura ya 16 ni salamu kwa watu zaidi ya ishirini, wanaume kwa wanawake, wengine wakiwa na majina waliyopewa watumwa wa siku zile. Wa kwanza kusalimiwa ni Priska na Akila, mume na mke waliokuwa mafundi wa kushona mahema. Walikuwa wamefukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakakaa Korintho, kisha Efeso, kisha wakarudi Rumi. Popote walipohamia walifungua karakana yao, na nyumba yao ikawa mahali pa kukutanikia kanisa (1 Kor. 16:19, Rum. 16:3-5). Hatusomi kwamba walipewa nauli na mtu.

Baada ya kizazi cha mitume majina yanapungua zaidi. Kanisa la karne ya pili na ya tatu lilikuwa na maaskofu mashuhuri, walimu wenye elimu kubwa na wafia imani wanaokumbukwa hadi leo. Origen, mwalimu wa Aleksandria, anagusia watu waliofanya kazi ya kuzunguka mijini na vijijini wakitafuta wa kuwaleta kwa Bwana. Lakini ukitafuta wahubiri wasafiri wenye majina, mfano wa Paulo, utawapata wachache mno. Wakati huohuo idadi ya waumini iliendelea kuongezeka. Basi ni nani waliokuwa wakiifanya kazi hiyo?

Mashahidi wazuri wa jambo hili ni watu ambao hawakulipenda Kanisa. Wa kwanza ni Pliny, liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Yapata mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajan kuomba maelekezo, kwa kuwa mashitaka dhidi ya Wakristo yalikuwa yakimzidi. Alieleza kwamba imani hiyo imewashika watu wa kila umri na kila cheo, wanaume na wanawake, si mijini tu bali pia vijijini na mashambani. Ili kupata ukweli aliwatesa wanawake wawili watumwa ambao Wakristo waliwaita wahudumu, cheo ambacho sisi tungekiita ushemasi. Hakupata kwao kosa la jinai. Alipata kile alichokiona kuwa ushirikina tu. Barua yake imehifadhiwa mpaka leo, lakini majina ya wanawake hao hayamo.

Tutulie kidogo hapo. Kwa sheria ya Rumi wanawake hao walikuwa mali ya mtu. Hawakuwa na uhuru wa kuamua walale wapi wala waamke saa ngapi, na ushahidi wa mtumwa mahakamani kwa kawaida ulichukuliwa kwa mateso. Lakini waumini wa mahali pale walikuwa wamewakabidhi huduma ya Kanisa. Bila shaka katika usharika ule walikuwapo watu huru, pengine hata wenye mali, waliopokea kutoka mikononi mwa watumwa. Jambo hilo lilipoonekana mtaani halikuhitaji mahubiri marefu.

Shahidi wa pili ni Celsus, mwanafalsafa aliyeandika kitabu cha kuwapinga Wakristo yapata mwaka 178. Tunakijua kwa sababu Origen alikijibu miaka sabini hivi baadaye. Celsus alichukizwa hasa na aina ya watu walioieneza imani: wafuma sufu, washona viatu, madobi, watu wasio na elimu, ambao mbele ya mabwana zao walinyamaza, lakini wakikutana faraghani na watoto na wanawake wa nyumba walianza kuwafundisha habari za maisha mema. Alikusudia kuwadhihaki. Bila kujua, alituachia maelezo ya wazi kuliko yote juu ya namna Injili ilivyotembea: karakanani, jikoni, kwenye birika la kufulia nguo, kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine aliyemjua kwa jina.

Hapa inafaa kusema neno juu ya hesabu. Rodney Stark, mwanasosholojia wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 alikadiria kwamba mwaka 40 kulikuwa na Wakristo wapatao 1,000, na kufikia mwaka 300 walikuwa yapata milioni sita. Hayo ni makadirio, na wataalamu wengine wanatoa takwimu tofauti. Linalovutia ni mwendo wa ongezeko lenyewe. Ili kufika huko, Stark alionesha kwamba ilitosha Kanisa liongezeke kwa asilimia 40 kila miaka kumi, yaani chini kidogo ya asilimia tatu na nusu kwa mwaka. Usharika wa watu mia moja ungehitaji kupata watu watatu au wanne zaidi kila mwaka. Sisi tuliozoea kusikia kwamba maelfu wameokoka katika mkutano wa jioni moja tungeiona taarifa kama hiyo kuwa ya aibu. Kanisa lililoishinda Rumi lilikua kwa mwendo huo.

Tena halikuwa na haraka. Ibada za Wakristo wa karne ya tatu hazikuwa mahali pa kuwavutia wageni. Wasiobatizwa waliondoka kabla ya Chakula cha Bwana. Kwa mujibu wa utaratibu wa kale ambao kwa desturi unahusishwa na Hippolytus wa Rumi, aliyetaka kujiunga aliulizwa kwanza juu ya kazi yake na mwenendo wake, na waliomleta walipaswa kumtolea ushuhuda. Mafundisho yaliweza kuchukua miaka mitatu. Ulipokaribia ubatizo aliulizwa juu ya maisha yake: je, aliwaheshimu wajane? Je, aliwatembelea wagonjwa? Walimu wa madarasa yetu ya ubatizo na kipaimara wanajua jinsi tunavyopima zaidi kukariri kuliko mambo hayo.

Kuhusu majengo, wataalamu wa mambo ya kale walipochimba mji wa Dura-Europos, kando ya mto Frati nchini Siria, mwanzoni mwa miaka ya 1930, waligundua nyumba ya kawaida ya kuishi ambayo yapata mwaka 240 iligeuzwa kuwa kanisa. Ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili kupata ukumbi wa watu sabini hivi, na chumba kingine kikawekwa kisima cha ubatizo na picha ukutani, mojawapo ikimwonesha Mchungaji Mwema. Nyumba hiyo ilikuwa katika mtaa, miongoni mwa nyumba nyingine. Majirani waliwaona watu wakiingia na kutoka. Yeyote anayeijua ibada ya jumuiya, na viti vinavyoazimwa nyumba ya pili, hatapata shida kuielewa picha hiyo.

Ndipo likaja jaribu kubwa. Yapata mwaka 250 tauni ilizuka katika Dola ya Rumi na ikaendelea kwa miaka mingi. Huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, askofu Cyprian aliwakusanya waumini wake akawahimiza kuwahudumia wagonjwa, na mwandishi wa habari za maisha yake anasisitiza kwamba hakuwaruhusu kuwabagua wasio Wakristo. Ikumbukwe kwamba muda mfupi kabla ya hapo Wakristo walikuwa wameteswa kwa amri ya Kaisari Decius, na majirani wengine ndio waliowashitaki. Kutoka Aleksandria, askofu Dionysius aliandika kwamba wazee, mashemasi na waumini wa kawaida waliwahudumia wagonjwa wakaambukizwa na kufa, ilhali wengine mjini waliwatupa wagonjwa wao barabarani kabla hawajakata roho. Dionysius alikuwa akiwaandikia watu wake, na huenda aliwapaka wapagani rangi nyeusi kuliko walivyostahili. Lakini maji ya kunywa, chakula na mkono wa kumgeuza mgonjwa kitandani huokoa maisha ya wengi hata pasipo dawa, na aliyepona hamsahau aliyebaki naye.

Huduma hiyo haikuzuka ghafla kwa sababu ya tauni. Ilikuwa na utaratibu. Mwaka 251 Cornelius, askofu wa Rumi, aliandika barua ambayo mwanahistoria Eusebius aliihifadhi, akitaja watumishi wa kanisa lake: wazee 46, mashemasi 7, mashemasi wasaidizi 7 na wengineo. Kisha akataja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa hilo. Tertullian wa Karthago, nusu karne kabla yake, alieleza kwamba kila mmoja alitoa kila mwezi alichoweza, bila kulazimishwa, na fedha hizo zililisha na kuzika maskini, zikawatunza yatima, wazee wasioweza kutoka nyumbani na waliofungwa kwa ajili ya imani. Mwaka 362 Kaisari Julian, aliyetaka kuirudisha dini ya zamani, alimlalamikia kuhani wake mkuu huko Galatia kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia, na kwamba ukarimu wao kwa wageni na uangalifu wao katika kuzika wafu umewapa nguvu. Adui akilalamika hivyo, hesabu imekwisha kukaguliwa.

Tusiwafanye hata hivyo kuwa malaika. Decius alipoamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu, Wakristo wengi walitoa, wengine wakanunua vyeti vya uongo kwamba wametoa. Dhiki ilipopungua, makanisa yaligawanyika vibaya juu ya suala la kuwapokea tena walioanguka. Cyprian, ambaye mwenyewe alijificha wakati wa mateso hayo na kulaumiwa kwa ajili yake, alishika njia ya kuwarudisha kwa toba. Mwaka 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani. Baada ya Konstantino kuwapa Wakristo uhuru mwaka 313, watu walimiminika kanisani, na sababu zao hazikuwa za imani peke yake. Tulipata makanisa makubwa na ardhi. Maoni yangu ni kwamba tangu hapo Mkristo wa kawaida alianza polepole kuamini kwamba kuieneza Injili ni kazi ya mwenye kanzu.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulitafakari hilo. Mwaka 1523 Martin Luther, akiwaandikia waumini wa Leisnig huko Saksonia, alifundisha kwamba Mkristo akiwa mahali pasipo na Wakristo hahitaji wito mwingine wa kuihubiri Injili zaidi ya kuwa Mkristo. Penye usharika, utaratibu mwema wa wito uheshimiwe. Lakini deni la kushuhudia linatoka katika ubatizo.

Historia ya Kanisa letu katika nchi hii inalithibitisha fundisho hilo kuliko tunavyokumbuka katika hotuba. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari Wahaya waliokuwa wakiisoma Injili kwa Kiganda na kukutanika kusali, kwa kuwa wenzao waliokwenda Buganda walirudi na kitabu na imani. Antiokia ilikuwa imejirudia kando ya Ziwa Viktoria. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini au kuondolewa. Wale wa Leipzig waliokuwa Kilimanjaro waliondolewa mwaka 1920, wakaanza kurudi katikati ya miaka hiyo ya 1920. Katika pengo hilo walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao wakiwa bila mshahara wa kutegemea, waliendesha shule, wakafundisha wanafunzi wa ubatizo na kuwakusanya waumini Jumapili kwa Jumapili. Mwaka 1940, wakati wa vita ya pili, Wajerumani waliwekwa tena kizuizini, na Kanisa likasimama tena. Wakati makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kiluteri Tanzania, yaliungana yakiwa na uzoefu huo mgongoni.

Tauni nayo ilitufikia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata Kanisa lilitoa majibu mawili kwa wakati mmoja. Kulikuwa na mimbari zilizotangaza kwamba ugonjwa huo ni adhabu, na familia zilizowasikia wahubiri hao ziliwaficha wagonjwa wao chumba cha nyuma. Na kulikuwa na akina mama wa sharika waliokwenda na ndoo ya maji, sabuni na uji, wakawaosha watu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa, wakawapeleka yatima shuleni. Wote walidhani wanaishuhudia imani yao. Tuwaulize waliokuwa wagonjwa, na yatima ambao sasa ni watu wazima, ni ushuhuda upi uliowafikia.

Leo usharika mwingi una mwinjilisti, kwaya tatu au nne, vyombo vya muziki na bajeti ya mkutano wa Injili. Mkutano wa hadhara si kosa; Paulo alihubiri sokoni Athene. Shida inaanza tunapodhani kwamba kipaza sauti kimetuondolea sisi wengine deni. Vijana wetu wanahamia mijini wakiwa na barua ya utambulisho mfukoni, na wengi hawaifikishi popote. Wanapanga chumba, wanapata kibarua, wanaugua. Anayewagundua kwanza ni jirani. Akiwa ni mtu wa dhehebu lingine atawapeleka kwake, na hatuna haki ya kumlaumu. Vivyo hivyo kwa majirani zetu Waislamu, ambao tunazikana nao na kualikana nao harusini: Petro ameagiza kwamba anayetuuliza habari za tumaini letu ajibiwe kwa upole na heshima (1 Pet. 3:15), na maneno yake yanadhani kwamba yupo mtu aliyeona kitu cha kuulizia.

Kwa hiyo ningependekeza kazi moja ndogo kwa wazee wa kanisa na vijana wetu, maadamu wapo wanaokumbuka. Vitabu vyetu vya ubatizo havina jina la aliyebatizwa na mchungaji aliyembatiza tu; kuna na nafasi ya wasimamizi. Wakae na wazee wetu, wafungue kurasa za zamani, na kwa kila msimamizi waulize: huyu alikuwa nani, alifanya kazi gani, na ilikuwaje akamleta mtu huyu kwenye maji. Majibu yaandikwe kando, kwa kalamu isiyofutika, kabla ya kitabu cha miaka mia nyingine kuanza kutayarishwa.